Sindano Mbili za Bukuru

Kuna siku moja ya masika ninayoikumbuka vizuri sana, mwanangu, na Jumapili iliyopita nilikuficha habari zake mbele za watu.

Ulikuwa umevaa gauni lako jeupe, umependeza, watu wamejaa uani kwa mama yako kukupongeza kwa kumaliza chuo cha uuguzi. Ukanigeukia ukauliza kwa sauti, "Mama mkubwa, miaka yote ile uliyofanya kazi, hukuwahi kumkosea mgonjwa hata mmoja?" Nikacheka. Nikasema, "Mimi? Thubutu!" Shangazi zako wakapiga vigelegele, nami nikainua soda yangu nikanywa kama mtu aliyesema kweli.

Nilidanganya, Editha. Jumamosi unapanda gari kwenda Kibondo kuanza kazi, na sitaki uondoke na uongo wangu. Kwenye simu nitalia, najijua, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mwandiko utauvumilia, macho yangu siku hizi yanataka miwani na miwani nimeikalia juzi.

Basi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nesi mpya kabisa, kwenye zahanati moja ya kijiji huku huku milimani kwetu Kasulu. Jina la kijiji naliacha, watu wake wapo na wengine ni majirani zangu. Tulikuwa watu watatu tu pale. Mganga mfawidhi, Mzee Ndabagoye, mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli aliyoipenda kuliko kiti chake. Mama Tabitha, mhudumu wetu, aliyefagia, akachemsha sindano, akateka maji, na akawatuliza wajawazito wakati sisi wenye vyeti tunababaika. Na mimi, mama yako mkubwa, niliyejiona ndiye niliyeishikilia zahanati ile isianguke.

Nilikuwa mwepesi. Hilo sijisifu, ni kweli. Watu hamsini benchi zima, mimi nawamaliza kabla jua halijakaa utosini. Ila nilikuwa na mdomo, mwanangu. Mama akichelewa kufungua mgongo wa mtoto, namkaripia. Mzee akiuliza mara mbili dawa inamezwaje, namwambia sina muda wa kuimba. Na watu wetu unawajua. Mtu wa kwetu Buha akimwona anayemheshimu, anainama, anapiga makofi taratibu, anashusha macho. Walikuwa wananipigia makofi wazee wa umri wa babu yangu kwa sababu ya gauni jeupe, nami nilizoea, nikaona ni haki yangu. Yale makofi yalinitia uziwi.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja mama mmoja na mapacha, kila mmoja ana kama mwaka mmoja na nusu. Alitoka upande wa juu, njia ya Nyakitonto, mwendo wa saa tatu kwa miguu, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mapacha wa kwetu hawana haja ya kutafutiwa majina, wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, kwa hiyo mama yule sote tulimwita Mama Bukuru. Na kama ilivyo desturi, alichopata mmoja na mwenzake alipata. Nguo zao zilikatwa kwenye kitenge kimoja, kofia zao za uzi zilifumwa na mkono mmoja, hata shanga za kiunoni zilikuwa sawasawa. Ukiwatazama huwajui nani ni nani, anayewajua ni mama yao tu.

Wote wawili walikuwa wanachemka homa. Mzee Ndabagoye aliwapima, akaona ni malaria kali, akaandika kwenye kadi zao sindano ya kwinini, kila mmoja na yake. Siku hizi ninyi mna vipimo vya haraka na dawa nzuri zaidi, lakini wakati ule kwinini ndiyo ilikuwa silaha yetu, na ilitaka adabu. Ikizidi kwa mtoto mdogo, inamshushia sukari mwilini, analegea, anatoka jasho la baridi, anaweza kuondoka hivi hivi. Ndiyo maana Mzee aliniambia kwa mdomo wake kabla hajapanda baiskeli kwenda kuchanja watoto kitongoji cha pili, "Sista Leokadia, hawa wasiondoke. Wakae hapa mpaka nirudi." Nikamjibu ndiyo, hata sikumtazama.

Nikamwingiza Mama Bukuru chumba cha sindano. Bukuru alikuwa mapajani, Butoyi mgongoni. Nikamchoma Bukuru paja la kulia, nikambandika pamba. Nikamwambia mama, "Haya, badilisha, nikirudi nimkute mwingine mapajani." Maana mlangoni walikuwa wameshaleta mama wa uchungu, analia, nami nikakimbilia huko kumlaza na kumpima.

Nilipotoka, kumbe mama alibadilisha kama nilivyosema. Lakini Bukuru, kwa maumivu ya sindano, alikataa kukaa mgongoni, akalia mpaka akakwama pumzi. Mama akamrudisha mapajani anyonye, akamfunga Butoyi tena mgongoni. Mama yeyote angefanya hivyo. Mimi nikarudi mbio na bomba la sindano mkononi, nikakuta mtoto mapajani, amelala ubavu ananyonya, paja la kushoto liko juu. Sikuuliza jina. Nikapaka spiriti.

Mama Bukuru akainua mikono, akapiga makofi mawili madogo, akasema, "Muganga..."

"Mama, tulia!" nikamkata. "Huoni kuna mtu anazaa hapo?"

Akashusha macho, nami nikainua sindano.

Mama Tabitha alikuwa mlangoni anapiga deki. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, huyu si ndiye yule yule?"

Nikamgeukia. Na maneno niliyomjibu, mwanangu, yananiaibisha mpaka leo. Nilimwambia, "Wewe shika ufagio wako. Ulisomea wapi?" Mama Tabitha, aliyemzidi umri mama yangu mzazi, akainama akaendelea na deki lake, nami nikachoma.

Nikamgeuza mtoto nimfunike. Paja la kulia likawa juu, na pale, imeganda na doa la damu, ilikuwa pamba yangu mwenyewe.

Loo! Miguu iliniishia nguvu. Masikio yakaanza kulia. Nilijua palepale kwamba nimemchoma Bukuru mara mbili, na unajua kitu cha kwanza nilichofikiria? Usidhani nilimfikiria mtoto. Nilifikiria kazi yangu. Nilimfikiria baba yangu, alivyotangaza kanisani kwamba binti yake ni nesi. Nilifikiria watakavyonicheka. Kijasho chembamba kilinitoka, na katika kijasho hicho nikafanya kosa kubwa kuliko la sindano.

Nilichukua rejista, nikaandika: Bukuru, kwinini. Butoyi, kwinini. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Halafu nikamwambia mama, "Tayari. Nenda nyumbani, urudi kesho."

Akanitazama. "Mzee alisema tukae."

"Mzee hayupo," nikamwambia. "Niliyepo ni mimi."

Akainama, akapiga makofi, akawafunga wanawe, akatoka. Nilimwona anapita kando ya migomba, khanga imelowa manyunyu, nami nikashukuru kwamba anaondoka. Nilishukuru, Editha. Nakuandikia neno hilo makusudi ulisome. Nilitaka mtoto yule awe mbali na macho yangu.

Mama wa uchungu akajifungua salama, mtoto wa kike. Kwa kawaida ningeimba. Siku hiyo nilikata kitovu nikiwa kimya, na Mama Tabitha alinishikia taa ya mkono pale kwenye kivuli. Alinitazama mara moja tu. Hasira haikuwemo katika macho yake, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

Saa saba hivi Mzee Ndabagoye akarudi, matope mpaka magotini. Kabla hajanawa akauliza, "Mama Bukuru yuko wapi?"

"Watoto walipata nafuu," nikasema. "Akaomba aende."

Mzee akafungua rejista, akasoma. Akatazama chupa tupu za dawa kwenye trei. Akamtazama Mama Tabitha, ambaye alikuwa amesimama na ndoo yake, ameitazama sakafu. Nadhani alijua hapo hapo kwamba kuna jambo. Mwingine angefoka. Mwingine angeniuliza, umefanya nini wewe msichana? Na haki ya Mungu, angefoka ningekataa, ningeapa, na ningemsingizia mama wa watu.

Yeye alivuta stuli, akakaa, magoti yake yakawa karibu na yangu. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha taratibu chenye Kiha ndani yake, "Leokadia, nisimulie ilivyokuwa. Anza pale nilipoondoka."

Hakuuliza nani. Aliuliza ilikuwaje. Nikafungua mdomo niseme uongo wangu uliopangika, kikatoka kilio. Nikamsimulia yote, benchi, mama wa uchungu, mapaja, pamba, na nilivyomfukuza mama. Alikuwa anatikisa kichwa tu, kama anayehesabu hatua za mtu njiani. Nilipomaliza nikasema, "Mzee, nimemzidishia Bukuru, atakufa."

Akaniuliza, "Na Butoyi amepata nini?"

Nikamkodolea macho. Mwanangu, nilikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimeihofia ajira yangu na ile sindano ya pili mpaka nikamsahau mtoto mzima, ambaye malaria ilikuwa inamla mgongoni kwa mama yake bila tone la dawa. Na rejista yangu nzuri ilikuwa inasema ameshachomwa. Angeletwa kesho yake, nesi mwingine yeyote angesoma pale, angesema huyu dawa haikumsaidia.

Mzee hakungoja nilie zaidi. "Chukua kwinini, chukua bomba safi, panda nyuma," akasema. "Mama Tabitha, mzazi tunakuachia wewe." Mama Tabitha akaitikia, kisha akanikimbilia na khanga yake, akanifunga kichwani kwa ajili ya mvua. Mimi niliyemwambia ashike ufagio.

Tukapita dukani kwa Bwana Salumu, mtu mmoja mwenye asili ya pwani aliyekuwa na duka la pekee pale kijijini. Mzee akapaza sauti kutoka barabarani kwamba anataka sukari, mtoto ana hali mbaya. Bwana Salumu akatoka na pakiti nzima na chupa ya maji, akanitia mikononi, akasema, "Nendeni, nendeni, Mungu atamsaidia." Nikaikumbatia ile sukari njia nzima. Ile baiskeli ilipanda vilima vya utelezi, tukishuka tunasukuma, tukipanda tena, na mimi nikiomba kwa sauti kubwa bila haya. Nilimwambia Mungu akinipa watoto wale sitasema uongo tena maishani. Umeona mwenyewe Jumapili nilivyotimiza, basi uniombee.

Tulimkuta Mama Bukuru amekaa kibarazani kwa watu, kando ya njia. Wenye nyumba walikuwa shambani. Alipotuona hakusimama, hakupiga makofi. Alikuwa na mtoto mmoja kila upande wa mapaja, anamwangalia huyu, anamwangalia yule, hajui aanzie wapi kulia.

Mmoja alikuwa amelegea kabisa, jasho la baridi, macho nusu. Yule alikuwa Bukuru. Mwingine alikuwa moto wa kuunguza mkono na mdomo wake umeanza kucheza kwa degedege. Yule alikuwa Butoyi. Nilitetemeka hata Mzee akanishika bega. "Safari hii uliza," akaniambia.

Nikapiga magoti kwenye udongo. "Mama, yupi ni Butoyi?"

Akanionyesha. Nikamwambia, "Taja jina lake." Akalitaja. Nikamuuliza, "Leo amepata sindano?" Akasema, "Hapana, hajapata." Ndipo nikamchoma, Mzee akimgeuza ubavu na kumpoza kwa khanga iliyolowa. Halafu nikakoroga sukari kwenye kiganja changu kwa maji ya chupa, nikawa namdondoshea Bukuru ndani ya shavu, tone kwa tone, asipaliwe. Tone, nangoja. Tone, nangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani mwangu, mimi mwenye haraka. Mama yake alikuwa ameushika mguu wa mtoto, anauita kwa jina kama ndio unaosikia.

Sijui ilichukua muda gani. Mvua ilikuwa imekatika na kuku wametoka kuparua. Bukuru akaramba mdomo. Akaramba tena. Halafu akanishika kidole akakinyonya, akakiuma kwa vijino vyake vinne vya mbele, na ninakuambia, hakuna maumivu niliyowahi kuyapenda kama yale.

Tukawarudisha zahanati. Mzee akasukuma baiskeli, mama amekaa nyuma na Butoyi, mimi natembea na Bukuru kifuani. Jua lilipokuwa linashuka, Butoyi akatulia, homa ikaanza kushuka, Bukuru anagombea titi. Mama Tabitha akaleta uji. Nikavuta pumzi nikasema moyoni, imekwisha.

Mzee akaniita pembeni. "Sasa mwambie mama."

"Nimwambie nini, Mzee? Si wamepona?"

"Mwambie ulichofanya."

Nikambembeleza. Nikamwambia atachukia, atatangaza kijiji kizima, watu hawatakuja tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ni wanawe. Wewe ulimpa mzigo huu aubebe saa kadhaa njiani bila kuujua. Mpe haki yake aujue." Akaenda kunawa miguu, akaniacha nimesimama.

Nikaenda. Nikakaa chini, yeye yuko juu ya mkeka wa kitandani. Nikafanya kile nilichokuwa nafanyiwa kila siku, nikainama, nikapiga makofi taratibu, mimi kwake. Akashtuka. Nikamwambia, "Mama, nilimchoma Bukuru mara mbili, na Butoyi sikumchoma. Nilipojua, niliogopa, nikakufukuza uende nyumbani. Kosa ni langu. Nisamehe."

Akamgeuza Butoyi upande wa pili. Kisha akasema, "Nilikuona, mwanangu."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nilitaka kukuambia, ukaniambia nitulie. Nikasema labda ndivyo dawa yenyewe ilivyo. Mimi ni nani nimfundishe muganga?"

Nililia, Editha. Nililia kwenye magoti yake mpaka yeye, mwenye kuuguza wanawe wawili, akawa ananipigapiga mgongo. Watu wawili walikuwa wameliona kosa lile kabla halijatimia. Mama alijua. Mama Tabitha alijua. Sindano ilikuwa bado iko hewani. Ilitosha mimi kufunga mdomo na kufungua masikio kwa muda wa kupiga chafya mara moja, na vilima vile vyote tusingevipanda.

Asubuhi yake, kabla ya kufungua mlango, Mzee Ndabagoye alituketisha chumba cha sindano. Nikajua sasa ndiyo barua ya kufukuzwa. Badala yake akaanza kujisema yeye. Alisema akiwa kijana alitaka kumchoma mama mmoja penisilini, dawa ambayo miili ya wengine huikataa vibaya, mume wake akasimama mlangoni anataka kusema kitu, naye akamwambia atoke, asimzibie mwanga. Akachoma. Yule mama alifariki siku ile ile. "Nilisema ugonjwa wake ulikuwa mkubwa," Mzee akatuambia. "Kila mtu akakubali. Mpaka leo sijui yule mume alitaka kuniambia nini, na sikuwahi kwenda kumuuliza. Ameshakufa naye." Akajifuta uso kwa kiganja. Mtu mzima yule, mbele yetu sisi.

Halafu akatuuliza, tufanyeje ili mwingine naye asikosee kama Leokadia? Mama Tabitha ndiye aliyepata jibu. Alisema kwao mbuzi wakichanjwa, aliyechanjwa hufungwa kamba, basi watoto tuwafunge kipande cha bandeji mguuni wakishachomwa. Nikacheka, nikajizuia. Mzee akasema, "Tutaanza leo." Na tukaanza, na kila mtoto aliyechomwa akawa anatoka na utepe wake mweupe mguuni. Tukakubaliana pia kwamba Mama Tabitha akisema "subiri", tunasubiri, hata awe Mzee mwenyewe na sindano iko hewani. Alisema subiri mara nyingi miaka ile. Mara nyingine hakukuwa na kitu, tukacheka tukaendelea. Mara tatu ninazozikumbuka kulikuwa na kitu. Watoto wale watatu sasa ni watu wazima na hawajui hata kama kuna mtu wa kumshukuru.

Ile rejista Mzee hakuniruhusu kuchana ukurasa. Nilipiga mstari mmoja, nikaandika kilichotokea kweli, nikatia sahihi. Alipokuja mkubwa wetu kutoka wilayani, Mzee alimfungulia ukurasa ule mwenyewe. Nilipewa onyo, nikalistahili.

Mama Bukuru alihamia karibu baadaye, akazaa wengine watatu. Kila akija na mtoto, anapita foleni ya nesi mpya aliyeongezwa, anakuja kukaa mlangoni kwangu, hata asubuhi nzima. Siku moja nikamuuliza, "Mama, kwa nini unaning'ang'ania mimi, na mimi ndiye niliyekaribia kukuulia mwanao?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Wewe ukikosea utaniambia. Huyu mwingine simjui."

Nimepata vyeti, mwanangu, na siku ya kustaafu walinipa godoro na hotuba. Hakuna kilichoingia moyoni kama maneno ya mama yule.

Sasa nisikilize. Unakokwenda Kibondo utahudumia watu wa kila namna. Watakuja Waha wenzetu na makofi yao. Watakuja Warundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, watu waliopoteza mengi, ambao ukisema chochote watakujibu "ego", ndiyo, hata kama hawakuelewa, kwa sababu wamezoea kuwaogopa wenye karatasi. "Ego" ile isikudanganye. Mwombe mama akuambie mwenyewe jina la mwanawe na alichopewa leo, kwa mdomo wake, hata kama foleni imefika barabarani. Akiinua mkono, shusha sindano kwanza. Mfagiaji wako akisema neno, mgeukie, na umwite mama. Mwenzako akikosea usikimbilie kumcheka wala kumfichia, kaa naye karibu, muulize ilikuwaje, maana akiogopa ataandika uongo kwa mwandiko mzuri kama mimi.

Na wewe utakosea, Editha. Nisingependa kukuambia hivyo siku ya furaha yako, lakini una mikono ya binadamu. Siku hiyo ikifika utasikia miguu inaisha nguvu na masikio yanalia, na kuna sauti itakuambia umwondoe mgonjwa mbele ya macho yako. Usiisikilize. Mkimbilie mgonjwa. Sema palepale, kabla hajafika kwenye migomba, kwa sababu dawa ya kosa iko katika dakika zile za kwanza. Ukishamsaidia, rudi umwambie na mwenye mtoto. Utatetemeka, nami nilitetemeka, na niko hapa nakuandikia.

Nenda basi, binti yangu. Imana, Mungu wetu, aliyekupa mikono myepesi akupe na masikio mapana. Akupe wenzako wasioogopa kukuambia subiri, nawe usiwaogopeshe. Wanaokuja kwako wamebebwa warudi makwao kwa miguu yao, na mama zao wakikuona njiani wakuite kwa jina lako bila kushusha macho.